Falmouth: studio nzuri, nyumba chache, unyevu usiolala

Tuanze na hukumu, maana anayesoma tathmini ya chuo mara nyingi ana fomu mbele yake na siku zinamwishia. Chuo Kikuu cha Falmouth, kilichoko Cornwall kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, kinamfaa sana mtu anayejifunza kazi ya kutengeneza vitu: uchoraji, upigaji picha, filamu, katuni za video, mitindo ya nguo, michezo ya kompyuta, muziki, maigizo. Anayetaka jiji lenye pilikapilika, ajira za mwaka mzima na watu wa kwao kila kona atachoka kabla ya Krismasi. Na aliyevutwa na picha za ufukwe peke yake hajachagua bado. Ufukwe upo, na ni mzuri kweli. Lakini mwaka wako utakwendaje hutegemea zaidi nyumba utakayopanga, ukavu wa chumba chako, na jinsi unavyoielewa njia moja ya reli inayoingia mjini. Hayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa chini, kwa sababu vipeperushi vya vyuo huyapita mbio.

Chuo kilianza 1902 kama shule ya sanaa, kikaungana na Dartington College of Arts 2008, kikapata hadhi ya chuo kikuu 2012. Asili hiyo bado inaonekana katika namna ya kufundisha: siku nyingi unashinda karakana au studio, na mihadhara ni sehemu ndogo ya wiki. Kampasi ni mbili. Moja iko Woodlane, ndani ya mji wa Falmouth, katikati ya bustani yenye mimea ya nchi za joto, na ufukweni ni mwendo wa miguu. Nyingine iko Penryn, mji jirani, juu ya kilima, kama kilomita 4 kutoka ya kwanza. Kabla hujatafuta chumba, uliza kozi yako inafundishwa kampasi gani, kisha uliza tena kama vifaa utakavyovihitaji viko kampasi hiyohiyo. Kilomita 4 si mbali kwa mwenye mkoba mgongoni. Kwa mwenye fremu ya mita moja na nusu kwenye upepo wa Januari, ni safari.

Kampasi ya Penryn ina jambo linalowachanganya waombaji wengi. Falmouth inaishiriki na Chuo Kikuu cha Exeter, ambacho huko Penryn kinafundisha mambo ya ikolojia, mazingira na uchimbaji madini. Shule yake ya madini, Camborne School of Mines, ilianzishwa 1888. Maktaba, migahawa na mabweni ya Glasney ni vya pamoja. Shahada ni tofauti, maombi ni tofauti, ada ni tofauti. Ukijaza fomu ya Exeter bila kusoma mstari wa mahali, unaweza kudhani unakwenda jiji la Exeter, kumbe kozi yako iko Penryn, zaidi ya saa mbili kwa treni kutoka hapo. Ushirika huu una faida yake, na si ndogo: mpiga picha wa viumbe vya baharini anakula meza moja na mwanafunzi anayewahesabu viumbe haohao, na kazi za pamoja huzaliwa hapo bila mtu kuzipanga.

Udogo wa chuo unalipa pale fundi wa karakana anapokujua kwa jina. Anajua jana ulivunja ncha ya kuchonga, na leo anakuonyesha kwa nini ilivunjika. Lakini mashine zile zile chache zinagombewa na watu wote wiki mbili kabla ya kukabidhi kazi. Utaratibu wa kawaida katika vyuo vya sanaa vya Uingereza ni kwamba huruhusiwi kugusa mashine kabla ya kufanyiwa mafunzo ya usalama, na nafasi za mafunzo hayo hujaa mapema. Yafanye yote Oktoba, hata ya mashine ambazo huna mpango nazo. Mwezi Machi wazo likikujia linalohitaji kikata leza au tanuri la ufinyanzi, hutakuwa na wiki tatu za kusubiri zamu ya mafunzo.

Siku ya kutembelea chuo, au kwenye mahojiano ya video, acha maswali kuhusu maisha ya wanafunzi; hayo utajibiwa kwa tabasamu. Uliza karakana zinafungwa saa ngapi na kama zinafunguliwa Jumamosi. Uliza kamera inaazimwa kwa siku ngapi na nani analipa ikianguka. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo anatumia kiasi gani kwa vifaa, maana filamu, karatasi, vitambaa na uchapishaji wa maonyesho ya mwisho mara nyingi viko nje ya ada. Mkusanyo wa kazi unaotuma uonyeshe pia njia uliyopita: michoro ya kwanza, majaribio yaliyoharibika, sababu ya kubadili mkondo. Picha kumi zilizokamilika bila nyayo nyuma yake humwambia mhojaji kwamba una mkono, zinamficha kama una mawazo.

Nyumba

Hapa ndipo Falmouth inapouma. Mji ni mdogo, watalii wanaupenda, na nyumba nyingi za Cornwall ni za mapumziko au zinakodishwa kwa wiki wakati wa kiangazi. Wanafunzi wa vyuo viwili wanagombea kilichobaki pamoja na wenyeji, ambao nao wana haki ya kulala mjini kwao. Baraza la Cornwall limeweka masharti kwamba nyumba ya familia mjini Falmouth haigeuzwi kuwa ya wapangaji wengi bila kibali cha mipango miji. Kwa mwenyeji hilo ni kinga. Kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba nyumba za kushirikiana haziongezeki haraka.

Kwa mwaka wa kwanza, omba bweni siku ileile unapoikubali nafasi yako. Usingoje viza. Usingoje matokeo ya udhamini wa masomo. Soma tu masharti ya kurudishiwa fedha kama viza itakataliwa, na uyahifadhi. Penryn wako watakaokaa Glasney, hatua chache kutoka madarasani; waliopangiwa mabweni ya upande wa Falmouth wako karibu na mji na bahari. Mwenye kozi Penryn na bweni Falmouth aingize nauli ya basi kwenye bajeti yake tangu mwanzo.

Mwaka wa pili ndio mtihani. Desturi ya miaka mingi ilikuwa watu kuanza kutafuta nyumba Novemba, miezi kumi kabla ya kuhamia, wakiwa bado hawajajua ni nani wanaweza kuishi naye. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inabadilisha hesabu hiyo kuanzia 1 Mei 2026. Mikataba ya muda maalumu kwa nyumba za binafsi inaondoka. Mwenye nyumba hawezi kudai zaidi ya pango la mwezi mmoja mbele. Na mwenye nyumba ya wanafunzi anayetaka kuirudisha mikononi mwake kati ya 1 Juni na 30 Septemba, ili aipangishe kundi jipya, hawezi kuitumia njia hiyo ikiwa mkataba ulisainiwa zaidi ya miezi 6 kabla ya kuhamia. Kipengele cha pango la mwezi mmoja kina pande mbili kwa mwanafunzi wa nje. Zamani asiye na mdhamini anayeishi Uingereza, yaani mtu wa kulipa pango akishindwa, alilipa miezi sita kwa mkupuo na mlango ukafunguka. Mlango huo umefungwa, kwa hiyo suala la mdhamini limekuwa zito zaidi. Ulizia mapema kama chuo chako kina mpango wa udhamini au kama kuna kampuni ya udhamini inayokubalika na wenye nyumba wa hapo, na linganisha ada yake na pango.

Angalia pia miezi. Chini ya mikataba ya zamani ya muda maalumu, nyumba za Falmouth zilizopangishwa Septemba hadi Juni tu zilikuwepo, kwa sababu Julai na Agosti mtalii hulipa kwa wiki kiasi kinachokaribia cha mwanafunzi kwa mwezi. Kwa mtu anayerudi kwao kiangazi, huo ulikuwa unafuu. Kwa anayebaki Uingereza, ilikuwa miezi miwili bila kitanda katika mji ambao wakati huohuo umejaa kuliko wakati mwingine wowote. Weka mpango wa miezi hiyo kabla hujasaini.

Ukifika kwenye kusaini, kuna namba za kuzishika kichwani. Amana haizidi pango la wiki 5. Fedha ya kushikilia nyumba haizidi pango la wiki 1. Ndani ya siku 30 mwenye nyumba lazima aiweke amana katika mfuko ulioidhinishwa na akupe hati yake. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe mara 1 hadi 3 ya amana hiyo. Nyumba yenye watu 5 au zaidi wasio wa familia moja lazima iwe na leseni, na orodha ya leseni inatazamwa kwenye tovuti ya baraza. Kama mkataba ni mmoja kwa wote, mmoja wenu akiondoka, deni lake la pango linawaangukia waliobaki. Hilo linavunja urafiki kuliko vyombo vichafu. Na usimtumie mtu fedha kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hamjaingia ndani yake. Matangazo ya utapeli hutoka kwa wingi Agosti, wakati waliokosa nyumba wamekata tamaa.

Ukitembelea nyumba, nenda na pua yako. Harufu ya kuvu haifichiki kwa rangi mpya. Nyumba za zamani za Penryn na Falmouth zina kuta nene za jiwe la matale zisizo na uwazi wa hewa katikati, na mvua inayosukumwa na upepo wa bahari inazilowesha kwa siku nyingi mfululizo. Sogeza kabati, tazama kona ya nyuma yake. Weka kiganja kwenye ukuta wa nje. Kisha tafuta cheti cha nishati cha nyumba hiyo kwenye daftari la serikali mtandaoni kwa kutumia anwani: madaraja ni A, lililo bora, hadi G, na kwa kawaida nyumba ya kupangisha haitakiwi kuwa chini ya daraja E. Kati ya nyumba ya daraja C yenye pango la juu kidogo na ya daraja E yenye pango la chini, mara nyingi ya C ndiyo rahisi kufikia Februari. Jiwe hilohilo la matale, likiwa ardhini, hutoa radoni, gesi yenye mionzi inayodhuru mapafu, na Cornwall ni miongoni mwa maeneo yenye kiwango cha juu nchini. Chumba cha kulala kikiwa chini kabisa, uliza kama nyumba imepimwa. Kiwango kinachohitaji hatua ni bekereli 200 kwa mita moja ya ujazo.

Unyevu na joto

Hesabu yake ni rahisi. Mzigo mmoja wa nguo ukianikwa ndani hutoa takriban lita 2 za maji hewani. Ongeza sufuria ya wali, bafu la moto, na watu watano wanaopumua usiku kucha na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Maji yale yanatafuta sehemu ya baridi kuliko zote chumbani, ambayo ni kona ya ukuta wa nje nyuma ya kitanda, na hapo kuvu huanza. Nunua kipima unyevu kidogo; bei yake ni ya chakula cha mchana. Kikionyesha zaidi ya asilimia 60 kwa siku kadhaa, chukua hatua. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana kwa dakika 10 hadi 15 asubuhi, hata kukiwa na baridi, kisha funga. Hewa inabadilika, kuta hazipoi. Kuacha dirisha wazi kidogo siku nzima hufanya kinyume: ukuta unapoa na joto unalolilipia linatoka. Acha sentimita 10 kati ya kitanda na ukuta wa nje.

Mashine ya kukausha hewa ni ununuzi bora kwa nyumba ya wanafunzi, mkigawana. Zipo za aina mbili. Yenye kompresa hutumia umeme kidogo lakini hudhoofika chumba kikiwa chini ya nyuzi 15 hivi. Inayotumia chembe za kufyonza maji hufanya kazi vizuri hata kwenye baridi, na hutoa joto kidogo, ila inakula umeme zaidi. Kwa nyumba ya mawe isiyopashwa joto mchana, ya pili ndiyo inayofaa. Iwashe katika chumba chenye nguo, mlango umefungwa.

Nyumba nyingi zisizo na gesi zina hita za kuhifadhi joto, na wageni wengi huzitumia vibaya kwa sababu hakuna anayewaeleza. Ndani yake mna matofali yanayopashwa moto usiku kwa umeme wa bei nafuu, kisha yanatoa joto mchana. Kuna vifundo viwili. Kilichoandikwa Input kinaamua usiku wa leo hita iweke akiba kiasi gani. Kipandishe jioni ukisikia kesho ni baridi. Kilichoandikwa Output kinafungua mlango wa joto kutoka. Kosa la kawaida ni kuacha cha pili wazi usiku kucha. Matofali yanamwaga joto lote umelala, jioni hita ni ya baridi kama jiwe, na mtu anachomeka hita ya kubeba ya kilowati 2. Kwa umeme wa peni 26 kwa uniti, hiyo ni peni 52 kila saa. Saa 5 kwa siku ni pauni 2.60, mwezi ni pauni 78, kwa chumba kimoja. Funga cha pili unapolala na unapotoka, fungua urudipo.

Kuvu likitokea licha ya haya yote, piga picha yenye tarehe, pima unyevu, mwandikie mwenye nyumba kwa barua pepe. Simu haina ushahidi. Sheria ya 2018 kuhusu nyumba kufaa kukaliwa na binadamu inamhusu yeye pia. Usilifute kuvu kwa brashi kavu, linasambaa. Tumia dawa ya kuvu, glavu, na kitambaa cha kutupa.

Viza na fedha

Kwa kozi za mwaka mzima nje ya London, kuanzia Novemba 2025 unaonyesha pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani pauni 10,539, juu ya ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa. Kiasi hicho kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Kama akaunti ni ya fedha ya nchi nyingine, inabadilishwa kwa kiwango cha siku ya ombi, kwa hiyo weka ziada. Kiwango kikiyumba usiku wa mwisho, pauni 5 pungufu zinatosha kukunyima viza. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Shahada ya miaka mitatu kwa kawaida hutozwa pauni 2,716, kwa sababu viza inazidi miaka mitatu kidogo na kipande hicho cha ziada kinalipiwa nusu mwaka. Unailipa yote kwa mara moja siku ya kuomba. Waombaji kutoka nchi za Afrika Mashariki wanahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, nacho hudumu miezi 6. Ukipima mapema mno, unalipa mara mbili. Viza sasa ni ya kidijitali, na namba inayoonyesha hadhi yako ndiyo mwenye nyumba na mwajiri watakayoiomba.

Tozo ile inakupa daktari wa mtaa bila malipo. Jiandikishe wiki ya kwanza ukiwa mzima. Dawa kwa agizo la daktari ni pauni 9.90 kila moja kwa watu wazima wengi, na hospitali kubwa ya dharura iko Truro, mtaa wa Treliske. Meno ni habari nyingine: madaktari wa meno wa huduma ya taifa wanaopokea wagonjwa wapya Cornwall ni adimu sana. Ziba jino kabla hujapanda ndege.

Kuna kanuni moja inayowanasa wanafunzi wa sanaa kuliko wengine, na inastahili kusomwa mara mbili. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na inakataza kabisa kujiajiri. Kuuza michoro yako mtandaoni, kupokea oda ya nembo kutoka kwa mkahawa, kupiga picha za harusi kwa malipo, kulipwa kwa matangazo kwenye video zako: yote hayo ni kujiajiri, hata kama ni pauni 20. Wenzako wa Uingereza watafanya hivyo kila wiki na walimu watawapongeza. Wewe subiri viza ya waliohitimu, inayoruhusu. Viza hiyo ni ya miaka 2 kwa shahada ya kwanza na ya uzamili, na inashuka hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027. Wiki ya saa 20 huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Saa 15 wiki hii hazikupi 25 wiki ijayo.

Kazi zenyewe zinafuata watalii. Kuanzia Pasaka hadi Septemba mikahawa, hoteli na vibanda vya ufukweni vinatafuta watu. Novemba hadi Februari vingine vinafunga kabisa. Kima cha chini kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa kwa aliyefikisha miaka 21, na 10.85 kwa wa miaka 18 hadi 20. Anayepanga kulipa pango la baridi kwa mshahara wa baridi anajiweka pabaya. Peleka maombi Februari, na akiba ya kiangazi ndiyo ikuvushe.

Bahari

Fukwe za Falmouth, yaani Gyllyngvase, Swanpool, Castle Beach na Maenporth, zinatazama upande uliokingwa, kwa hiyo mara nyingi maji yametulia. Mawimbi ya kuteleza kwa ubao yako pwani ya kaskazini ya Cornwall, upande wa Perranporth na Newquay, na huko bahari ni nyingine kabisa. Mtu aliyekulia pwani ya Waswahili anajua kuogelea na anajua bamvua. Wakati wa bamvua hapa maji hupanda na kushuka karibu mita 5, na anayezunguka jabali maji yakiwa yamekupwa anaweza kukuta njia ya kurudi imezama. Asichokijua mara nyingi ni baridi. Machi maji ni kama nyuzi 9, Agosti ni 16 au 17 hivi. Ukijitupa, kifua kinabana na unavuta pumzi bila hiari yako kwa dakika moja au zaidi, na ikitokea kinywa kiko chini ya maji, muogeleaji hodari anazama sawa na asiyejua. Ingia polepole. Ikikubana, lala chali, acha masikio yaingie majini, elea mpaka pumzi irudi, ndipo uogelee. Waokoaji wapo ufukweni kwa msimu tu. Ogelea kati ya bendera zenye rangi mbili, nyekundu na njano. Dharura ya baharini piga 999 na uombe walinzi wa pwani.

Baada ya mvua kubwa, mifumo ya majitaka inaweza kufurika hadi baharini. Shirika la Surfers Against Sewage, lililozaliwa 1990 huko huko Cornwall, lina programu ya simu inayotoa tahadhari kwa kila ufukwe. Itazame kabla ya kuvua nguo.

Chakula, nywele, ibada

Pakiti iliyoandikwa Cornflour katika duka la Uingereza ni wanga mtupu wa mahindi wa kukolezea mchuzi. Ukiusonga ugali unapata gundi. Tafuta iliyoandikwa Maize Meal au Cornmeal laini. Ikikosekana, Polenta ni ya njano na ina chenga, lakini ukiichemsha muda mrefu zaidi inasongeka. Tui la kopo la mililita 400 lipo kila duka kubwa, na vibua wabichi wa Cornwall msimu wake ukifika ni watamu kuliko samaki wengi wa barafu. Matoke, kisamvu na dagaa agiza mtandaoni, mkigawana gharama ya usafirishaji.

Saluni za nywele zetu ni shida. Jifunze kusuka kabla ya kuja, beba mafuta ya miezi mitatu, na panga safari za Plymouth au Bristol. Waislamu wana msikiti Quenchwell, karibu na Truro, lakini bila gari panahitaji mpango. Desemba jua linazama kama saa 10 na dakika 20 alasiri, kwa hiyo magharibi inaangukia katikati ya kipindi. Ongea na mwalimu mapema. Giza hilo linawachosha hata wasioswali. Toka nje saa sita mchana kila siku, hata kama ni manyunyu. Koti lenye kofia linatosha; mwavuli upepo wa hapa unaugeuza ndani nje siku ya kwanza.

Njia ya kufika

Treni kutoka kituo cha Paddington, London, hadi Truro huchukua saa 4 na nusu hivi. Hapo unabadilisha, unapanda treni ndogo ya Maritime Line, iliyofunguliwa 1863, na ndani ya dakika 25 umefika mwisho wake. Kwa kampasi ya Penryn shuka kituo cha Penryn na ujiandae na mlima. Kwa Woodlane shuka Falmouth Town. Kadi ya reli ya vijana ni pauni 35 kwa mwaka na inapunguza theluthi ya nauli. Mwanafunzi wa muda wote aliyepita miaka 25 naye anaistahili, kwa fomu iliyogongwa muhuri na chuo. Basi la kawaida halizidi pauni 3 kwa safari moja, hadi Machi 2027.

Kumbuka Dawlish, mji wa pwani ulioko njiani kati ya London na Cornwall. Hapo reli inapita ukingoni kabisa mwa bahari, na Februari 2014 dhoruba iling'oa ukuta wake na kuikata Cornwall kwa miezi miwili. Ukuta mpya umejengwa, lakini siku ya dhoruba treni bado zinaweza kusimamishwa. Ukiwa na ndege ya kurudi nyumbani Desemba, usisafiri siku hiyohiyo. Fika London siku moja kabla. Treni ya usiku inayotoka Cornwall kwenda Paddington haipo Jumamosi usiku, jambo linaloharibu mipango ya wengi wenye ndege ya Jumapili.

Ukitua Heathrow kwa mara ya kwanza na mabegi mawili, huna haja ya kuingia London. Kuna basi la moja kwa moja hadi kituo cha reli cha Reading, na treni za Cornwall husimama hapo. Nunua tiketi ya treni inayoondoka muda wa saa nne baada ya ndege kutua, maana tiketi ya bei nafuu inafungwa na treni yake na foleni ya uhamiaji haina huruma. Mzigo mzito uweke mwisho wa behewa, kaa upande wa kushoto, na simu iwe na chaji: baada ya Exeter mtandao unapotea mara kwa mara, na mtu wa kukupokea Penryn anahitaji kujua kama umeipata treni ndogo pale Truro.